Mnamcheka panya asiyeweza kukojoa? Njooni mnicheke na mimi

Najua nimeadimika. Wiki tatu hizi nimekuwa napiga msuli, majaribio yamefuatana kama daladala za asubuhi, na Ijumaa tuna presentesheni ya Jenetiki. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira, kwa hiyo aliyekuja kutafuta habari za bumu limetoka au halijatoka apite tu, siku nyingine.

Chanzo cha hasira ni panya.

Basi bwana, Jumatano usiku nilikuwa kitandani na makaratasi ya kikundi chetu. Mhadhiri ametugawia kila kikundi utafiti mmoja tuusome halafu tuwaeleze wenzetu, na sisi tukaangukiwa na panya: jinsi wanasayansi walivyotengeneza panya mwenye kasoro ya kuzaliwa nayo ya njia ya mkojo. Kulikuwa na picha ya kibofu cha panya kilichojaa kikatuna kama puto. Jamaa yangu ninayekaa naye chumba kimoja, mtu wa Uchumi, akaiokota, akauliza hii nini, nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaipiga picha kwa simu akaitupia kwenye grupu la bloku letu na maneno haya: "Wazungu wamemaliza matatizo yote, sasa wanatengeneza panya wasiokojoa."

Mpaka asubuhi grupu zima lilikuwa linacheka. Mmoja kaandika kwamba hizo hela wangetuletea maji, maana ghorofa ya tatu bomba limekauka tangu Jumapili (hapo na mimi nilicheka, siwezi kusema uongo). Mwingine akasema kumharibu kiumbe wa Mungu kwa makusudi ni dhambi. Mwingine: panya ni panya, mtu ni mtu. Na wa mwisho, tena anasoma Elimu kama mimi, akauliza: "Kwani kukojoa nako kuna ugumu gani? Si mtu anaamua tu?"

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Mengine nitayajibu, lakini hilo naanza nalo, na mtaniwia radhi nikienda mbali kidogo.

Twendeni Medellín, Kolombia. Kulikuwa na daktari mpasuaji wa watoto huko, Bernardo Ochoa. Alikuwa akipokea watoto wenye vibofu visivyotoka mkojo wote. Mkojo unabaki, unaoza, unaleta maambukizi, unarudi juu kuelekea kwenye figo, na figo zinakufa polepole. Wengi wao walikuwa pia na tabu ya kupata choo kikubwa. Ila Ochoa aliona kitu kingine ambacho mtu mwenye haraka asingekiona: watoto hao wakicheka, uso unageuka kuwa wa kulia. Mtoto amefurahi, anataka kutabasamu, lakini midomo na macho vinajikunja kama aliyefinywa. Mwaka 1987 yeye na Mmarekani Robert Gorlin wakauandika ugonjwa huo, na leo unaitwa kwa jina la Ochoa. Ni ugonjwa wa kurithi, unahitaji jeni mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Ni nadra sana, ila haukuishia Kolombia, familia zenye ugonjwa huu zimepatikana na kwingineko.

Sasa shikeni hapo. Mwaka 1973, huko Marekani, Frank Hinman na mwenzake waliandika kuhusu watoto wa kiume wenye vibofu vilivyoharibika vilevile: havitoki vizuri, mkojo unarudi juu, figo zinaumia. Wakatafuta kizuizi, hakuna. Wakatafuta ugonjwa wa neva, hawakuona. Wakafikia wapi? Kwamba ni tabia. Mtoto amejifunza vibaya kukojoa, anabana wakati anapotakiwa kulegeza, na nyumbani pengine kuna baba mkali anayemtisha. Matibabu yakawa pamoja na kumzungumzisha mtoto ili abadilike, hata kwa kumlaza usingizi wa maneno.

Sisemi Hinman alikuwa mjinga. Wapo watoto ambao kweli walijizoesha kubana, na ukiwafundisha upya wanapona. Ninachosema ni kwamba ukimaliza kutafuta na usione kitu, jambo rahisi kuliko yote ni kumtupia mgonjwa lawama. Tena akiwa mtoto, ndiyo rahisi zaidi.

Nalijua hilo kwa sababu nimelifanya.

Mwaka jana nilikuwa TP, shule siitaji, nikifundisha Baiolojia kidato cha tatu. Mada ilikuwa utoaji taka mwilini. Nilikuwa nimejiandaa, nina chaki za rangi mbili, nachora figo mbili ubaoni, mirija inashuka, kibofu chini, kila kitu na mshale wake. Nilikuwa najiona mwalimu kwelikweli. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akaomba ruhusa ya kutoka kwa kile Kiingereza cha darasani tunachokijua wote. Nikamwambia subiri. Dakika kumi, akanyoosha tena. Sasa, kijana huyo alikuwa ametoka na juzi, na siku iliyotangulia, na walimu wenzangu ofisini walishaniambia mapema, huyo ni mtoro, anatoroka vipindi kwa gia ya choo, usimlegezee. Nikamwambia kaa chini, unajifunza kibofu huku unashindwa kukitawala cha kwako? Darasa likacheka. Nilipenda lile darasa kucheka, ndiyo ukweli wenyewe. Mwalimu mgeni akichekesha anajua wamempokea.

Baada ya muda kidogo waliokaa karibu naye wakaanza kusogeza madawati.

Sitaeleza sana. Alitoka bila ruhusa, sweta amelifunga kiunoni kwa mbele, na hakurudi siku mbili. Siku ya tatu alikuja mama yake. Nilimkuta nje ya ofisi ya walimu, amekaa kwenye ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa Baiolojia?"

"Ndiyo mama. Karibu."

"Sijaja kwa ugomvi, mwalimu," akasema, akafungua mfuko wa nailoni uliokuwa ndani ya mkoba, na ndani ya nailoni kuna makaratasi ya hospitali yamekunjwa vizuri kama hati ya kiwanja. Mtoto wake alizaliwa na vijikuta vya nyama ndani ya njia ya mkojo, vinavyozuia mkojo kutoka, kasoro inayowapata watoto wa kiume, mmoja katika kila maelfu kadhaa. Alifanyiwa upasuaji akiwa mchanga wa miezi miwili. Vijikuta vikaondoka, lakini kibofu kilikuwa kimeshaumia tangu tumboni, kikabaki kigumu, kinabeba kidogo na kumwagika bila taarifa. "Baba yake alimchapa mpaka darasa la pili," akasema mama. "Akidhani ni ujeuri. Hata mimi nilimchapa. Mpaka daktari mmoja akatukalisha chini akatuchorea." Akanionyesha mchoro nyuma ya karatasi moja, kwa kalamu ya wino. Figo mbili, mirija, kibofu. Mchoro wangu ule ule.

Nilimwomba radhi mama, na kijana aliporudi nilimwomba radhi na yeye, pembeni, bila kumwaibisha mara ya pili. Akasema "hamna shida sir" huku anaangalia chini. Shida ilikuwepo bwana.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza "si anaamua tu?", mniache nijibu kwa ukali kidogo.

Turudi kwa panya. Yule kijana ugonjwa wake ulikuwa na kitu cha kushika, daktari alikiona kizuizi, akakiondoa. Watoto wa Ochoa hawana kijikuta chochote. Ukipitisha kamera hukuti ukuta. Kuna nini basi? Mwaka 2010 vikundi viwili, kimoja cha Manchester huko Uingereza na kingine cha Marekani, vilitangaza jeni inayohusika: inaitwa HPSE2, iko kwenye kromosomu ya 10. Mwaka 2013 ikapatikana ya pili, LRIG2, kwa familia nyingine zenye ugonjwa huohuo. Vizuri. Lakini kujua jina la jeni ni kama kujua jina la mwizi bila kujua aliingilia mlango gani. Hiyo jeni inafanya kazi gani? Imeharibu misuli ya kibofu? Neva? Ubongo? Au haijaharibu chochote na mtoto kweli amejifunza vibaya?

Utamuuliza nani? Mtoto? Utamkata kipande cha kibofu kila wiki uone kinavyoota? Utamfungua mama mjamzito uchungulie siku ambayo neva zinafika kwenye kibofu cha kichanga? Halafu mgonjwa mmoja yuko Medellín, mwingine nchi nyingine, mwingine bado anachapwa nyumbani kwao na hakuna anayejua kwamba anaumwa.

Ndipo panya anapoingia. Jinsi alivyotengenezwa, kwa wale wa Uchumi: zinachukuliwa seli za kiinitete cha panya, changa mno, bado zinaweza kuwa kiungo chochote. Zinaoteshwa kwenye sahani. Kinaingizwa kipande cha DNA ambacho kinajipachika katikati ya jeni, kama mtu aliyebana ukurasa wa gazeti la udaku katikati ya desa lako: unasoma vizuri, unafika hapo, maelezo yanakatika, protini haitengenezwi. Seli zenye jeni iliyokatika pale panapotakiwa zinachaguliwa, zinaingizwa ndani ya kiinitete kingine, kinapandikizwa kwa panya jike wa kubeba mimba. Wiki tatu anazaa. Wanaozaliwa ni mchanganyiko, seli nyingine za huku, nyingine za kule. Wanazalishwa tena mpaka wapatikane wenye nakala moja mbovu na moja nzima, ambao wenyewe ni wazima kabisa. Hao wakipandana, robo ya watoto wanatarajiwa kubeba nakala zote mbili mbovu. Moja kwa mbili kwa moja. Ni ile ile hesabu ya njegere za Mendel tuliyokariri kidato cha nne tukaisahau baada ya mtihani. Namna ya kubadili jeni moja iliyokusudiwa ya panya ndiyo iliyowapa Capecchi, Evans na Smithies Tuzo ya Nobel mwaka 2007, na hii ya kupachika kipande ni ndugu yake.

Panya wa HPSE2 walielezwa mwaka 2015, na watu wa Manchester na pia na wenzao wa Marekani. Vibofu vyao vilijaa, vikatuna, mkojo hautoki inavyotakiwa. Kuna kipimo kimoja cha panya wa namna hii kinanifurahisha kwa urahisi wake: unamweka panya juu ya karatasi ya kunyonya, unamwacha kwa muda, kisha unaiangalia karatasi kwenye mwanga wa zambarau unaofanya mkojo ung'ae. Panya mzima ana adabu zake, kwa kawaida anakwenda kona moja anaacha doa kubwa. Mwenye kibofu kibovu mara nyingi anaacha vitone vitone kila mahali. Sweta limefungwa kiunoni kwa mbele.

Mwaka 2019 wakaonyesha kwamba kwa panya waliokosa jeni yoyote kati ya zile mbili, neva za kibofu zimepangika vibaya. Neva zipo, lakini ramani yake si sahihi. Kibofu na mlango wake ni watu wawili wanaotakiwa kuelewana: mmoja akikaza, mwenzake alegeze. Hapa mawasiliano yameharibika tangu tumboni.

Hebu tafakarini hilo. Huyo panya hana baba mkali. Hajasimangwa na mwalimu. Hajazoeshwa vibaya chooni. Hana ujeuri, hatoroki kipindi, hatafuti huruma ya mama. Wamelelewa sanduku moja na ndugu zake, chakula kimoja, maji mamoja, tofauti ni jeni moja. Ndugu anakojoa, yeye hawezi. Mnataka ushahidi gani mwingine? Mtoto unaweza kumsingizia tabia mpaka akakubali mwenyewe kwamba ni mkorofi. Panya utamsingizia nini?

Ndiyo maana nasema hizo hela hazikupotea. Na najua hoja ya maji, ndugu zangu wa ghorofa ya tatu, ni hoja ya kweli, ndoo yangu pia iko tupu. Ila nani kawaambia hela ya Manchester ilikuwa njiani kuja kwenye bomba letu? Maji ya hosteli tuyadai kwa wenye dhamana ya hosteli, na nikisikia kuna mtu anakwenda kudai nitakuwa nyuma yake. Tusimwonee panya kwa sababu ni rahisi kumcheka kuliko kwenda ofisini. Halafu mtu wa Uchumi anapozungumza gharama aweke na gharama ya upande wa pili: kasoro za kuzaliwa nazo za figo na njia ya mkojo, zikichukuliwa zote pamoja, ndizo chanzo cha kati ya theluthi na nusu ya watoto ambao figo zao hufa kabisa. Mtoto huyo ni wa kusafishwa damu mara mbili, tatu kwa wiki, au apewe figo ya mtu. Piga hesabu hiyo, kaka, wewe ndiye mwenye kikokotoo.

La dhambi silichukulii kwa mzaha, na aliyeliandika namheshimu. Ni kweli panya hao wanateseka. Wenye nakala zote mbili mbovu ni dhaifu, hawanenepi, wengi wanakufa wakiwa wadogo. Nilipofika kwenye mistari hiyo sikufurahi. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayodai kibali kwa kila kazi ya namna hii, na tangu mwaka 1959 wanasayansi wawili wa huko, Russell na Burch, waliweka masharti ambayo mpaka leo yanafuatwa: kama kuna njia bila mnyama, itumike, kama hakuna, wanyama wawe wachache iwezekanavyo, na hao wachache maumivu yao yapunguzwe. Kama mtu anaona hayo hayatoshi, tubishane, hiyo ni hoja. Lakini si wewe uliyesambaza sumu ya panya chini ya vitanda vyote wiki iliyopita kwa sababu wametafuna madesa yako? Maana panya wa maabara ni ukoo uleule wa hao wanaotembea juu ya dari yetu. Yule wa chini ya kitanda alikufa kwa ajili ya nini?

Na "panya ni panya, mtu ni mtu"? Hapa mna nusu ya haki, nami nawapa nusu yenu. Panya hatabasamu tukamwona, kwa hiyo ile sehemu ya uso, ile iliyomfanya Ochoa asimame na kutazama, haisomeki vizuri kwake. Panya anakua kwa wiki kile ambacho mtoto anakua kwa miaka. Mtu akitoka maabara anapiga kelele kwamba amepata dawa kwa sababu panya amepona, mshukuni. Lakini jeni hiyo tunayo sisi na anayo yeye, na kibofu chake kimeungwa kwa misuli na neva kama chetu. Na ona walichofanya mwaka 2024: watu walewale wa Manchester walichukua jeni nzima ya binadamu, wakaipakia ndani ya kirusi kisicholeta ugonjwa, wakawapa vichanga vya panya hao wagonjwa. Walipokua, kibofu na mlango wake vikafanya kazi vizuri zaidi kuliko vya wenzao ambao hawakupewa. Jeni ya mtu, kwenye kibofu cha panya. Si dawa ya mtoto bado, hakuna mtoto aliyepewa kwenye utafiti huo. Ila ni mara ya kwanza nasoma kuhusu ugonjwa huu nikaona mtu amegusa chanzo chenyewe, siyo kufyonza mkojo kwa mrija tu.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi si watu wa kudharau panya. Panya buku wa Morogoro, wanaofunzwa pale SUA kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, tunawasifu kila mahali. Magawa, mzaliwa wa hapa hapa Tanzania, alivishwa medali ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 kwa mabomu aliyoyanusa Kambodia, na alipokufa Januari 2022 watu walipeana pole mitandaoni kana kwamba ni mjomba. Sawa kabisa, alistahili. Sasa panya anayeinusa kasoro iliyojificha ndani ya kibofu cha mtoto kosa lake nini? Kwamba hana kamba na kikoti cha kupigia picha?

Nawasema hasa sisi wa Elimu. Wa Udaktari watakutana na mtoto huyu akiwa amelazwa, ana kadi, ana jina la ugonjwa. Sisi tutakutana naye kabla ya hapo, dawati la nyuma, mkono juu, hana karatasi yoyote. Tunasoma saikolojia ya mtoto mihula mizima, tunaandika kurasa nane za majibu, halafu ofisini tunaambiwa "huyo mtoro" tunaitikia. Mimi niliitikia. Na yule mwenzetu aliyeuliza "si anaamua tu?" atakwenda TP mwaka huu. Kaka, najua unasoma hapa, hunaga unalolikosa. Akinyoosha mkono mara ya pili, mwache atoke. Akiwa ni mtoro kweli umepoteza nini, dakika kumi?

Na wale watakaokwenda kufundisha shule za msingi, wenye watoto wadogo: mtoto akicheka halafu uso wake ukaja kama wa kulia, na unasikia kwamba analowesha nguo au anakaa na homa za mkojo kila mara, mwite mzazi, mwambie ampeleke hospitali waangalie kibofu na figo. Ochoa alisisitiza hilo mwenyewe, kwamba kile kicheko kinaweza kumfichua mgonjwa mapema, kabla figo hazijaharibika. Si lazima uwe na maabara. Ni kumchekesha mtoto na kumtazama usoni.

Jana usiku nilimsomea jamaa yangu wa Uchumi nusu ya haya kabla sijayaweka hapa. Hakucheka. Alikaa kimya, kisha akauliza yule kijana wa TP yuko wapi sasa. Nikamwambia sijui, atakuwa kidato cha nne, sikuchukua hata namba ya mama yake. Akasema "duh." Akachukua simu akafuta ile picha kwenye grupu, ingawa wenzake walishaisambaza kwingine.

Presentesheni ni Ijumaa saa nne, anayetaka kuja aje, jamaa amesema atakuja na swali lake la gharama, namsubiri. Maoni ruksa hapo chini, matusi mnipigie simu. Nasikia kelele za ndoo korido, maji yametoka, ngoja niwahi foleni.